Jiwe Lililo Ndani ya Dohani

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mimi Sufiani Mosi nina miaka sabini na nane. Nimewazika kaka zangu watatu na mafundi wote niliojifunza nao uashi pale misheni. Nimedumu kuliko daraja la miti, nikadumu kuliko daraja la zege lililokuja baada yake, na yule daktari aliyeniambia mwaka themanini na nne kwamba moyo wangu umechoka, nasikia naye ameshatangulia. Darasani niliishia la tatu. Kuandika nilikuja kukushika kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari na mke na nyumba. Anayetaka mwandiko mzuri atafute kwingine.

Daftari hili si langu. Ni la kikohozi. Hidaya, binti yetu anayekaa Morogoro mjini, jana kaliacha mezani na kalamu mbili. "Baba, kila siku andika mama kakohoa vipi. Kidogo, wastani, sana. Daktari anataka kuona." Halafu akiwa mlangoni, mkoba begani, akatoa hukumu yake. Kifua cha mama kimeharibiwa na moshi wa moto wetu wa ukutani. Ataleta jiko la chuma. Na akija Nane Nane akakuta kifua bado, anamchukua mama yake akakae naye mjini kwenye joto, moja kwa moja.

Moshi. Dohani hii inayoutoa nje niliijenga mimi, mwaka sabini na nne, kwa mikono hii. Kwenye kilima hiki chote hapakuwa na mkulima mwingine mwenye dohani. Watu walipanda kutoka Nyandira kuja kuitazama. Nikamwambia Hidaya hivyo. Mama yake akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, ikabidi ashike mlango.

Kikohozi: sana.

4 Juni

Ukungu mpaka saa sita. Kikohozi: sana.

6 Juni

Nimelifikiria lile neno, anamchukua. Hidaya anajua anachosema? Ardhi hii si yangu. Mimi ni mtu wa Matombo, nilikuja huku juu kuoa. Shamba, migomba, kiwanja ilipo nyumba, vyote ni vya lukolo, ukoo wa mke wangu Mwanahawa kwa upande wa mama, na mkubwa wao sasa ni Dadi, kaka yake. Mwanahawa akiondoka mimi hapa nani? Mzee mmoja wa Matombo aliyesahauliwa kwenye nyumba ya watu. Hakuna atakayenifukuza. Watanisalimia kila asubuhi, na hilo ndilo baya zaidi.

Na mjini siendi. Sikujenga nyumba za watu miaka arobaini ili nizeeke kwenye kochi la mkwe, naangalia televisheni na kuomba ruhusa ya kukohoa.

Kikohozi: sana. Ameshindwa kumaliza kufagia.

9 Juni

Jiko limekuja. Lori la kabichi lililorudi tupu limelishusha barabarani, watu wanne wakalibeba kwenye njia ya miguu wakisema maneno ambayo siyaandiki. Ni sanduku jeusi la chuma, limechomelewa mjini, lina mlango na bomba refu la vipande vipande. Mwanahawa kalizunguka mara mbili. "Zuri," kasema. Miaka hamsini namwotesha moto kwa dohani yangu, hajawahi kuiita nzuri.

Kikohozi: sana.

11 Juni

Fundi amekuja. Anaitwa Severin, ana miaka thelathini na kitu, anatoka Nyandira, siku hizi anaezeka banda la jirani yetu Yuliana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umejenga dohani ngapi?"

"Dohani sijajenga, mzee. Mimi naweka majiko."

"Mimi nimejenga saba."

"Basi leo nimepata mwalimu," akasema, na usoni hakuonyesha kama anatania. Hilo linanikera kuliko kama angetania.

Akapima. Tundu la dohani inchi nane. Bomba inchi sita. "Inapita, mzee, ila imebana." Akaanza kunifundisha mimi mambo ya moto. Eti moto wa wazi unavuta hewa nyingi ya baridi, moshi unapanda umepoa. Jiko la chuma linafunga moto ndani, bomba linapanda na joto lote. "Tofali haliogopi. Mti ndio unaogopa. Nikikuta mti popote, nataka kiganja kizima cha hewa kati yake na bomba, tena zaidi."

Nikamwambia dohani ni ya matofali, mti wa nini. Akasema sawa, kesho atatazama kwa juu.

Kikohozi: wastani. Hakuwasha moto mchana kutwa, kajifunga blanketi.

12 Juni

Kafunga simu yake kwenye kamba, kawasha tochi, kaishusha ndani ya dohani yangu kama mtu anayeteka maji. Halafu kashuka ngazi kunionyesha picha.

"Hapa, usawa wa boriti, upande wa nyumba. Pana kitu kimetokeza, kimepigwa lipu. Ni nini?"

"Jiwe."

"Jiwe ndani ya dohani ya matofali?"

"Nilikuwa na jiwe zuri. Nikalitia."

Mwanahawa alikuwa kizingitini anachambua maharage. Akacheka, akakohoa, maharage yakamwagika.

Severin akanitazama kidogo. "Kama ni jiwe sawa, mzee. Bomba litapita vidole viwili kutoka hapo. Lakini kama ni mti uniambie tu. Nafungua, tunakata, kazi ya siku mbili."

"Kijana, nimeshakwambia."

Ni jiwe.

Kikohozi: sana.

14 Juni

Manyunyu. Kikohozi: sana. Vipande vya bomba vimetoboka, Severin kavirudisha Nyandira kuchomelea.

17 Juni

Sikukuu ya kuchinja. Dadi amekuja na kanzu yake nyeupe na tumbo lake. Kala, kanawa, kaegemea, kainua macho juu kama afanyavyo kila sikukuu. "Shemeji, boriti ya mjomba bado inapendeza. Nzima kama ilivyotoka msituni." Nami nikajibu kama nijibuvyo kila sikukuu. "Ndiyo." Mwanahawa akaenda jikoni.

Sasa naandika, maana daftari haliwezi kunitazama usoni. Si jiwe.

Kwa ukoo wao, mtu akioa na kujenga kwao, mjomba wa mke hutoa boriti ya kati ya nyumba. Mti huo mume haukati. Anaupokea urefu wake wote, mjomba alivyoutoa. Akiupunguza ni kama amepunguza neno la mjomba mbele ya watu. Mjomba wao alileta mkangazi ambao sijaona mfano wake, mnyoofu, mwekundu, wanaume kumi na mmoja waliubeba. Ulizidi nyumba yangu kwa mkono mzima.

Wengine hapa kwetu hupitisha ukutani, kichwa cha boriti kinatokeza nje kama pembe, basi. Hakuna aibu. Lakini mimi nilikuwa fundi wa misheni, na mahali pale pale boriti ilipotokeza, katikati ya ukuta wa mwisho, nilitaka dohani yangu isimame ionekane kutoka barabarani. Ningeisogeza hatua mbili ningesalimika. Sikutaka hatua mbili. Nilitaka katikati. Nikapandisha dohani kwa nje, nikakifunika kichwa cha boriti kwa nusu tofali na lipu, ndani kwa ndani. Watu wakasema, Sufiani kaupeleka mti mzima bila kuukata na bado kajenga dohani, ni fundi kweli. Nikawaachia waseme.

Moto wa wazi haukuudhuru. Miaka hamsini. Kwa nini udhurike leo kwa sababu ya sanduku la mjini?

Kikohozi: sana.

20 Juni

Severin kamaliza. Kabla ya kuwasha kasimama na kiberiti mkononi. "Mzee, niwashe?" Angeweza kuwasha bila kuuliza. Kauliza kwa makusudi.

"Washa. Unangoja padri?"

Jiko likanguruma. Hapana moshi. Nimetafuta moshi chumba kizima kama mtu aliyepoteza sarafu, hapana hata uzi mmoja. Mwanahawa kakaa kwenye benchi karibu nalo, kavua khanga ya kichwa, masikio yakapata joto. Sikumbuki mara ya mwisho kuyaona masikio yake mwezi wa sita.

Kikohozi: wastani.

21 Juni

Kikohozi: wastani. Nimepanda kiti, nimeweka kiganja ukutani pale boriti inapoingia. Baridi.

23 Juni

Kikohozi: kidogo. Ukuta: baridi.

26 Juni

Kikohozi: kidogo. Ukuta: vuguvugu.

27 Juni

Kikohozi: kidogo. Ukuta: vuguvugu. "Baba Hidaya, unapanda kiti kila siku unatafuta nini huko?" Napima ukuta, nikasema. "Umenenepa?" Nikashuka.

30 Juni

Kikohozi: hakuna. Siku nzima. Kapalilia tuta la karoti mpaka mwisho, karudi anaimba. Yuliana kasimama uani kwake kushangaa. "Mama Hidaya, umebadilishiwa kifua?" Kamjibu, "Nimebadilishiwa jiko. Mume bado yule yule."

Ukuta: joto.

3 Julai

Kikohozi: hakuna. Ukuta: joto. Severin kapita akitoka kwa Yuliana, kauliza jiko likoje. Nikasema linawaka. "Na lile jiwe?" Nikamwambia anipishe mlangoni, ananizibia jua. Hapakuwa na jua.

5 Julai

Nimepanda kwa Dadi. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu yangu ya sasa, njia ina utelezi, nilianguka mara moja lakini hakuna aliyeona. Njiani nilipanga maneno. Nitasema: shemeji, ile boriti ilizidi, kichwa chake kimo ndani ya dohani, naomba lukolo uniruhusu nikate. Maneno machache tu. Nimejenga ghala la watu kwa maneno machache kuliko hayo.

Dadi alikuwa anachuma njegere. "Shemeji, leo umekuja kuazima nini?"

"Nimekuja kukusalimu."

"Umetoka kule chini na magoti hayo kunisalimu." Akaendelea kuchuma. "Haya. Na dohani yako ya kifahari, imelikubali jiko la mtoto?"

Palepale. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ilibaki kuingia tu. Kinywa changu kikasema, "Dohani yangu haijawahi kutetereka toka watu hawajahamishiwa vijiji vya Ujamaa." Akanipa kabichi mbili. Nikarudi nimebeba kabichi mbili na boriti nzima kichwani.

Nina hasira na Dadi. Angeniuliza vingine ningejibu vingine.

Kikohozi: hakuna. Ukuta: joto.

9 Julai

Baridi kali, majani ya viazi yameungua. Mwanahawa anatia kuni mchana kutwa. Nikisema apunguze ananiuliza kwa nini, na mimi sina kwa nini ya kumpa. Kikohozi: hakuna. Ukuta: joto sana.

12 Julai

Pana harufu. Si moshi. Ni kama mbao iliyoachwa juani, tamu tamu.

"Panaungua nini?" kauliza Mwanahawa.

"Kuni mbichi."

"Kuni hizi nimezikausha mimi toka Machi."

Nikatoka nje nikamfokea mbuzi wa Yuliana. Hakuwa amefanya kitu.

Nikimwambia, jiko linazimwa. Jiko likizimwa, kifua kinarudi. Kifua kikirudi, Hidaya anamchukua. Nisipomwambia, nawaza hivi: nyumba hii ni mawe. Nawaza hivyo mpaka nafika kwenye mti, kisha naanza upya.

Kikohozi: hakuna. Ukuta: kiganja hakikai.

15 Julai

Nimemwambia asikae kwenye lile benchi. Kasema ndipo penye joto. Nimelisogeza benchi. Kalirudisha. Kikohozi: hakuna. Ukuta: hakikai.

17 Julai

Kikohozi: hakuna. Ukuta sikuupima.

20 Julai, Jumamosi

Haya ni ya jana, Ijumaa. Jana sikushika daftari.

Nilitoka msikitini kama saa nane mchana. Nikaona kabla sijafika uani. Dohani juu ilikuwa inatoa moshi mweupe safi kama kawaida, lakini chini ya paa, pale boriti inapoingia ukutani, palikuwa na moshi mwingine, wa njano, mzito, unatambaa kwenye bati. Ndani Mwanahawa alikuwa amelala kwenye benchi, shuka mpaka kidevuni, na juu yake ufa katika lipu ulikuwa unapumua.

Nilimnyanyua. Sijamnyanyua yule mwanamke toka Hidaya anazaliwa. Kaamka mikononi mwangu kasema, "Nini tena, Baba Hidaya?" kama mtu aliyeguswa kwa mzaha. Nikamweka uani nikaita Yuliana, nikaita Severin, nikaita kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Severin alishuka kwenye banda bila ngazi. Nilikuwa nimeshabeba ndoo naelekea kwenye jiko. Kaninyang'anya. "Si kwenye jiko. Chuma cha moto ukikimwagia kinapasuka." Kafungua mlango wa jiko, katoa kuni zinazowaka kwa koleo, kazitia kwenye karai la mchanga, Yuliana kalivuta nje. Halafu kachukua tindo na nyundo, kaweka ngazi kwa nje ya dohani yangu, kaanza kupiga.

Tofali la kwanza lilitoka. La pili. Lile nusu tofali lilidondoka lenyewe. Na nyuma yake kichwa cha boriti ya mjomba, chekundu, kinameta kwa ndani kama gunzi kwenye makaa. Mkangazi ule. Wanaume kumi na mmoja.

Severin hakupaza sauti. Kageuka tu pale juu ngazini. "Mzee. Hili ndilo jiwe?"

Yuliana alikuwa anapandisha ndoo. Alisikia.

Wakamwaga maji. Ikafoka, ikanyamaza, ikaanza tena kutoa moshi kutoka ndani, maana moto ulikuwa umeshaingia kwenye moyo wa mti na kuanza kutembea kuelekea ndani ya nyumba. Severin kaweka gogo la kuegemeza boriti kwa ndani, karudi na msumeno. "Hapa nje ya ukuta. Nikate kipande hiki kilichozidi, tumwagie kidonda, tumemaliza."

Nikamshika mkono. Mimi. Nyumba yangu inaungua, na mimi nimemshika fundi mkono.

"Usiukate."

"Mzee, moto unaingia ndani."

"Naona. Usiukate. Wewe si wa lukolo. Mimi si wa lukolo. Mti huu mume hakati, na aliyeletwa na mume hakati. Aitwe Dadi."

"Dadi yuko saa nzima kutoka hapa."

"Aitwe."

"Babu Sufiani," Yuliana akasema, na ndoo kichwani, "Dadi akifika atakuta mkaa. Atauza."

Nilikuwa najua. Nilijua kila kitu ambacho wao walijua, na mkono wangu haukuachia. Nilikwisha kuwadanganya watu wale miaka hamsini kuhusu mti wao. Nisingeukata tena mbele ya macho ya watu. Sijui kama hiyo ni heshima au ni ukaidi, jana vilikuwa kitu kimoja.

Ndipo Mwanahawa aliponipita. Kajifunga khanga kiunoni. "Mimi ni wa lukolo," kasema. "Severin, shuka. Nishikieni ngazi."

Miaka sabini na miwili. Kapanda vipandio vinane, kashika msumeno kwa mikono miwili, kakata. Sauti ya ule mti sijaisikia toka siku ulipoangushwa. Moshi ukampiga usoni, akakohoa, akageuza uso, akakata tena. Mivuto kama ishirini. Halafu akashuka, akanipa msumeno.

"Mimi nimekwisha kuukata. Anayemalizia ni kibarua wangu."

Nikapanda. Nikamalizia. Kipande kikaanguka kwenye majani kikatoa moshi mpaka jioni.

Mwanahawa alipokuwa ananiosha masizi nilimwambia, nikiwa nimetazama beseni, kwamba nilijenga vile kwa sababu nilitaka dohani iwe katikati.

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nani alikuwa anakuchanganyia udongo? Nilisimama chini pale pale nakupandishia karai. Unadhani nilikuwa nimefumba macho?"

"Na hukusema."

"Ulikuwa unasema wewe. Kila mgeni, kila sikukuu. Nikitaka kusema hapakuwa na nafasi." Akacheka. Kikohozi kikamkamata, kikakaa muda mrefu.

Kikohozi: sana.

21 Julai

Dadi amekuja. Kakitazama kichwa cha boriti kilichokatwa, kakizungusha kwa fimbo.

"Nani amekata?"

"Mimi," Mwanahawa akasema.

"Basi." Akageuka kwangu. "Shemeji, mjomba alipokuwa anaumwa aliniuliza jambo moja. Alisema, mti ule nilikosea kipimo, ulizidi mkono mzima, sasa yule Mmatombo mkono wangu kaupeleka wapi? Nikamwambia sijui. Alitaka kujua mpaka anakufa. Ungesema, angecheka, angekuletea msumeno mwenyewe."

Kwa hiyo alishuku mjomba, alijua mke wangu, alihisi fundi. Siri nimeilinda mimi peke yangu, na niliyemlinda nayo ni mimi peke yangu. Nimekasirika sana leo. Nimekosa mtu wa kumkasirikia.

Kikohozi: sana.

22 Julai

Jiko limezimwa. Anakaa amejifunika mablanketi mawili. Kikohozi: sana.

23 Julai

Severin ameanza. Kavunja dohani yangu kutoka kiunoni kwenda juu. Nimemchanganyia udongo na saruji. Hakuniomba, nimeshika tu koleo. Kikohozi: sana.

25 Julai

Anaweka bomba ndani ya bomba, hewa inapita katikati. Mti umerudi nyuma ya ukuta, na kutoka pale mpaka bomba la nje ni kiganja kizima na vidole vitatu. Nilipima mwenyewe, mara mbili, kwa kiganja changu kisha kwa chake. Kaniomba timazi yangu, yake imepotea. Kuta zake zimesimama wima. Nilitafuta kosa mpaka jua likazama.

Severin ni fundi. Nimeandika, sirudii.

Kikohozi: sana.

28 Julai

Kikohozi: sana. Zimebaki siku kumi na moja kufika Nane Nane. Nimepandisha tofali siku nzima, mgongo umelala upande.

30 Julai

Tumewasha. Safari hii Severin kanipa mimi kiberiti. Kikohozi: sana. Ukuta: baridi.

1 Agosti

Kikohozi: wastani. Ukuta: baridi.

4 Agosti

Kikohozi: kidogo. Ukuta: baridi. Jiko limewaka toka alfajiri.

7 Agosti

Kikohozi: kidogo. Ukuta: baridi. Kesho Hidaya anakuja. Nimefikiria kuzichana kurasa kumi za katikati. Nilizishika. Karatasi hizi zinachanika kirahisi. Kisha nikahesabu, nikaona na siku zake za kukohoa zitaondoka nazo, na daktari atadanganywa. Nimeshatia jiwe moja mahali lisipopaswa. Nimeziacha.

9 Agosti, Ijumaa

Hidaya alifika jana mchana. Kabla hata ya kunywa chai aliomba daftari. Akakaa uani, juu ya kile kipande cha boriti, maana mama yake amekifanya kigoda, akasoma moja kwa moja. Mimi nilienda kutazama kabichi ambazo hazikuhitaji kutazamwa.

Niliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Baba, mama alikuwa amelala chini ya moto. Siku nyingi. Na wewe unaandika tu, ukuta joto, ukuta joto sana."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Sina nyingine."

Alinisema kwa saa nzima. Aliniambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake, nami nikayapokea yote, urefu wake wote, bila kuyapunguza. Mwishowe akamwambia mama yake afungashe.

"Mimi naenda wapi?" Mwanahawa akasema. "Mti wangu nimekwisha kuukata. Kwangu hakuungui tena."

"Mama, kifua."

"Soma mwisho. Kinasemaje?"

Hidaya akafungua kurasa za mwisho. Akaenda ndani, akapanda kiti, akaweka kiganja ukutani, akakaa nacho pale. Akashuka. Akasema daftari analipeleka kwa daktari leo, na kama daktari atasema mama akae hapa, atakaa mpaka mvua za vuli, kisha ataangalia tena. Lori linaondoka saa nne. Ananisubiri nimalize mstari huu.

Daktari, mimi sikujui na wewe hunijui. Ya kikohozi uyasome, mengine uyaruke ukipenda. Lakini kama utadhani mzee huyu kaandika kikohozi kidogo ili mkewe abaki, waulize walioona. Muulize Severin, fundi wa Nyandira. Muulize Yuliana, jirani yetu. Muulize Dadi, ingawa atakusimulia ya mjomba kwanza. Wote nimewakorofisha na hakuna hata mmoja atakayesema uongo kwa ajili yangu.

Wa mwisho ni Mwanahawa. Huyo usimuulize juu ya kifua, atasema ni kizima hata kisipokuwa kizima. Muulize nani alijenga dohani. Atacheka. Wewe sikiliza kicheko tu. Kikifika mwisho wake bila kukatika, basi niliyoandika ni kweli.